Paa la Kware wa Mtukufu

Ipo nchi inaitwa Fukutoni. Msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure, na kama kuna mmoja wenu anahisi amewahi kulipa kodi huko, hayo ni yake na moyo wake. Kazi yangu mimi ni kusimulia tu.

Fukutoni ni nchi ya joto la unyevu. Chumvi haikai koponi, inageuka maji. Shati likianikwa asubuhi, jioni linaanuliwa limelowa kuliko lilivyoanikwa. Viatu vya ngozi vikisahauliwa uvunguni vinaota uyoga, na watu wanaula. Mwenye nchi hiyo, maana ilikuwa na mwenyewe, aliitwa Mtukufu Baba Mlezi. Alikuwa amelea mengi: redio, benki, mbuga za wanyama, na nyumba ndogo za mawaziri wake. Siku moja daktari wake akamnong'oneza kwamba kwa mwanamume wa umri wake hakuna dawa kama mayai ya kware.

"Basi nchi nzima ifuge kware," akasema Mtukufu.

"Nchi nzima ile mayai ya kware, Mtukufu?"

"Nimesema ifuge. Kula nitakula mimi."

Hivyo ndivyo Faraji Kilindo alivyopata cheo cha Katibu wa Kware, Wilaya ya Umandeni. Kabla ya hapo alikuwa Katibu wa Mihogo, na kabla ya mihogo Katibu wa Nyuki. Mihogo ilioza na nyuki walihama, lakini Faraji alibaki, kwa sababu alijua kitu kimoja ambacho wenzake walichelewa kukijua: mkubwa akitazama upande, nawe tazama upande huohuo, hata kama huko kuna ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga mtu kofi maishani mwake. Alikuwa akiitikia tu wenzake walipopiga.

Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa na kaka mmoja tu duniani, Mbaruku, aliyemlea tangu wazazi wao walipozama kwenye mafuriko. Faraji alimfanya shemeji yake huyo kuwa mtunzaji wa Banda Kuu la Kware. Siku Mbaruku alipopewa funguo, Sikudhani alimshika mumewe ukosi wa shati.

"Faraji, huyu ndiye baba yangu na ndiye mama yangu. Ukinipotezea, usije kunitafuta kitandani."

"Mke wangu, kware watamfanya nini mtu mzima?"

"Kware siwaogopi. Nawaogopa hao wanaokula mayai yao."

*

Mbaruku alifuga kware kama wanavyofugwa. Alitengeneza vizimba vya waya vya ghorofa, kila ghorofa fupi kiasi kwamba ndege akinyoosha shingo anagusa juu. Chini alitandika pumba za mpunga, na alizibadilisha mara kwa mara, maana kwenye unyevu ule mavi ya kware hayakauki, yanachachuka, na harufu yake inatoa machozi kuliko kitunguu. Ndege wakanenepa. Mayai yenye madoadoa yakatoka kwa ndoo. Mambo yakawa mazuri mno, na nchi ile mambo yakiwa mazuri mno huwa kuna mkubwa anakuja kuyatazama.

Akaja Mtukufu mwenyewe. Akasimama mbele ya vizimba, akaona waya na mbao. Ili kuwaona kware, ilibidi ainame.

Watu wakatazamana. Mtukufu hakuwahi kuinama tangu aapishwe. Viatu alivalishwa, na mikono alinyooshewa akiwa wima. Msaidizi mmoja, kijana wa watu, akaleta kigoda ili Mtukufu aketi. Walinzi walimvunjia kigoda hicho kichwani mpaka kikabaki mguu mmoja.

"Ndege wa taifa wanaishi kama wafungwa," akasema Mtukufu kwa uchungu, na watu wengi wakalia, hasa waliokuwa na ndugu magerezani. "Paa liinuliwe. Nataka niwatazame ndege wangu ana kwa ana. Na kila adhuhuri upigwe mzinga, kuwashukuru kwa mayai."

Sasa, yeyote aliyewahi kufuga kware analijua jambo hili. Kuku akishtuka anakimbia pembeni akipiga kelele. Kware hajui pembeni. Akishtuka anafyatuka wima kwenda juu, kwa nguvu zake zote, bila kutazama. Ndiyo maana paa lake huwa fupi, asipate nafasi ya kujiua. Mbaruku alilijua hilo, Faraji alilijua, na Waziri wa Mabawa, aliyekuwa akifuga kware nyumbani kwake kwenye vizimba vifupi, alilijua kuwapita wote.

"Mnaonaje?" Waziri akawauliza.

"Wazo la kihistoria, mheshimiwa," akasema Faraji.

Likajengwa banda la mabati, refu kwenda juu kama ghala la pamba. Kware wakaachiwa humo. Siku ya ufunguzi bendi ilipiga, Waziri akahutubia, na saa ya adhuhuri ilipofika mzinga ukalia.

Loo! Ilisikika kama lori la kokoto limemwagwa juu ya mabati, ila kokoto zilitoka chini. Halafu zikaanza kurudi. Kware walianguka juu ya vilemba vya akina mama wa itifaki, juu ya keki, ndani ya tarumbeta, wengine wamepasuka vichwa, wengine shingo zimekunjika na miguu bado inatembea hewani. Mmoja alitua begani kwa Waziri akamtapikia damu kwenye nishani. Bendi haikuacha kupiga.

"Wananchi!" Waziri akapaza sauti huku akijifuta. "Mmeona wenyewe! Kware wetu wameruka kumsalimu Mtukufu!"

Watu wakapiga makofi. Faraji naye akapiga, akiepuka macho ya shemeji yake aliyekuwa amepiga magoti akiokota ndege mmoja mmoja na kuwafumba macho.

*

Kila adhuhuri mzinga ulilia, na kila adhuhuri kware walipungua. Mtu yeyote angeweza kusema sababu, na ndiyo maana hakuna aliyesema. Ikaundwa Tume.

Tume ilimwita kwanza daktari wa mifugo, Dakta Kihwili, mtu mwangalifu. Alijua ukitaja paa umemtaja aliyeliinua, na ukitaja mzinga umemtaja aliyeuagiza. Akatafuta kitu kisicho na mwenyewe.

"Ni unyevu, waheshimiwa," akasema. "Hewa ni nzito mno kwa ndege hawa."

Mwenyekiti wa Tume akavua miwani. "Hewa ya nani?"

"Hewa… ya hapa."

"Unasema hewa ya Fukutoni ni nzito?"

Masikini Kihwili alikuwa amesahau ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, ambao unaisifu hewa hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walimtandika viboko hadharani mpaka shati likazama ndani ya nyama. Kisha wakamfungia kwenye ghala lisilo na dirisha, wakakoka mkaa ndani, apate hiyo hewa nyepesi aliyoitaka. Kesho yake walimtoa amekauka. Tume ikatangaza kwamba hewa nyepesi imethibitika kuwa na madhara.

Lakini kware waliendelea kufa. Tume ikawageukia madume. Dume la kware lina sauti kali ambayo hailingani na umbo lake, na Tume ikaamua kwamba kelele hizo ndizo zinazowavuruga majike. Madume yakahukumiwa kupigwa risasi uwanja wa taifa, wananchi wote wahudhurie.

Kware ni saizi ya ngumi. Risasi ya vita ikimpata, hakuna kinachobaki cha kuonyesha kwamba amepatikana. Isipompata, inaendelea na safari yake. Jukwaa la mashariki lilijaa wanafunzi wa chuo cha ualimu, wamevaa sare nyeupe. Askari walifyatua bunduki mpaka sare zile zikawa hazina rangi moja. Redio ikatangaza jioni kwamba madume yote yameuawa, pamoja na wengine walioonyesha dalili za udume.

Faraji alikuwa jukwaa la magharibi. Alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Mtu wa mbele yake alikuwa ameacha kupiga, na askari walikuwa wanatazama huku. Mtu huyo hakuonekana tena, na kofia yake ilibaki kwenye kiti.

Adhuhuri iliyofuata mzinga ukalia na majike nayo yakapasuka vichwa. Sasa Tume ikawa imeishiwa ndege wa kushtaki. Ikabaki na mtunzaji.

*

Walimchukua Mbaruku akiwa anakula. Walimvunja mfupa wa bega kwa kitako cha bunduki kabla hajameza, kisha wakamvunja meno ili ameze vizuri. Kesi ilikwisha kabla chakula chake hakijapoa. Hakimu Mkuu, mzee aliyependa haki iwe na mpangilio, alisoma hukumu kwa sauti ya upole:

"Kosa limetendeka juu, na adhabu iende juu. Mshtakiwa afe kama walivyokufa wao."

Kwa hiyo mafundi wakajenga mtambo ndani ya Banda Kuu. Upande huu kiti chenye mikanda, upande ule jiwe kubwa la kusagia, katikati kamba ya meli inayopita kwenye roda chini ya boriti. Jiwe likiachiwa linashuka, kiti kinapaa, kichwa kinakutana na boriti. Mafundi waliuita Lifti ya Haki. Nawaombeni mtambue, kama Faraji alivyotambua: nchi nzima haikujua kware waliuawa na nini, lakini ilijua namna ya kumuua mtu kama wao.

Na nani asimamie shughuli, kama si Katibu wa Kware wa Wilaya?

Sikudhani hakulia. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa mtupu, na bado akapepeta.

"Unajua kilichowaua," akasema.

"Nani asiyejua?"

"Basi sema."

"Nikisema wataniua mimi."

"Usiposema wanamuua yeye." Akaweka ungo chini. "Sikulazimishi, Faraji. Nakuambia tu kwamba nakutazama."

Faraji alikwenda gerezani. Mbaruku alikuwa kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya mbuzi, amejikunja, uso umevimba hata jicho moja halionekani. Faraji alikuwa ameandaa maneno ya kumfariji, lakini yule mtu alimtangulia.

"Shemeji, pumba zimebadilishwa? Kwa unyevu huu zikichelewa tu zinawapofusha."

"Mbaruku, kesho wanaujaribu mtambo."

"Nimesikia." Akatema kipande cha jino. "Mwambie dada asije. Hilo tu ndilo ninaloomba, asije akaona."

Faraji alitoka mle akalia nyuma ya jiko la magereza kama mtu aliyefiwa. Alimpenda yule mtu, basi. Hakuwa amelijua hilo.

*

Siku ya majaribio Mtukufu alikuja mwenyewe, amevaa viatu vyeupe. Mbaruku alisimamishwa ukutani na minyororo yake, aone na ajifunze. Wakafunga mbuzi kwenye kiti. Jiwe likaachiwa. Kiti kikapaa, mbuzi akasema neno moja la kimbuzi, na boriti ikamjibu. Kichwa kilifunguka kama dafu. Tone moja likatua kwenye kiatu cheupe.

Mtukufu alilitazama tone lile. Akatazama juu. Akatazama sakafu, palipolala kware wa jana.

"Kwa hiyo kware wangu walikufa hivi?"

Waziri wa Mabawa akakohoa. Mwenyekiti wa Tume akaanza kukagua kucha zake. Faraji alimwona Mbaruku ukutani, jicho moja likimtazama. Akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ndiyo, Mtukufu. Hivi hivi."

"Wakagonga nini?"

"Paa, Mtukufu."

"Na paa hili," Mtukufu akasema polepole sana, "nani aliliinua?"

Waziri alizimia. Alikuwa na mazoezi, alianguka bila kuchafua suti. Suruali ya Faraji ikapata joto upande mmoja, na joto likashuka mpaka kwenye soksi. Hakuna binadamu ambaye angeweza kulijibu swali lile akabaki na shingo.

"Lilijiinua lenyewe, Mtukufu," akasema Faraji. "Ile siku ulipoingia bandani lilikuona, likashindwa kuvumilia, likanyanyuka kwa heshima. Mpaka leo halijathubutu kushuka."

Mtukufu akatokwa na machozi. Alisema siku zote alijua anapendwa, lakini na mabati! Hata hivyo sheria ni sheria. Paa likashtakiwa pale pale kwa kupanda cheo bila idhini, likachapwa minyororo, likaangushwa. Liliua askari waliokuwa wakiliangusha, nao wakazikwa kwa heshima zote. Vizimba vifupi vikarudi. Mzinga ukalia, kware wakafyatuka, wakagusa waya wa juu kabla hawajapata kasi, wakatulia. Hakufa hata mmoja. Hukumu ya Mbaruku ikafutwa, ikaamriwa arudishwe nyumbani taratibu zikikamilika.

Jioni ile Sikudhani alimwangukia mumewe shingoni, akalia mpaka shati lake likalowa, na safari hii haukuwa unyevu.

"Sikudhani ungesema," akamwambia.

"Hata mimi," akasema Faraji.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapa. Lakini Mtukufu alikuwa amejifunza kitu, na hakuna janga kama mtawala aliyejifunza kitu. Alikaa juma zima akiwatazama kware wakiishi vizuri chini ya paa fupi, akatafakari. Kisha akaingia redioni.

"Wanangu," akasema. "Kiumbe akiwa na nafasi juu ya kichwa, hushtuka, huruka, hujiua. Nimeliona kwa kware. Nanyi siku hizi mmekuwa mkishtuka ovyo. Mnashtukia bei, mnashtukia risasi, juzi mmeshtukia hata wimbo wa taifa. Mimi mlezi wenu siwezi kuwaacha mjiue. Kuanzia leo, Fukutoni hakuna kusimama."

*

Nyumba zilikatwa kwa misumeno, mapaa yakashushwa hadi kiunoni. Wakaundwa Vijana wa Kamba, waliotembea wamechuchumaa, wawili wameshika kamba iliyonyooshwa usawa wa kiuno cha mtu mzima, na wengine nyuma yao na mapanga. Kilichozidi kamba kilikatwa. Mama mmoja alinyoosha mkono kuangua papai. Papai alilipata, mkono hakubaki nao. Mwalimu aliyejisahau akainuka kuandika juu ya ubao aliangukia wanafunzi wa mstari wa mbele, sehemu mbili tofauti. Watoto walioanza kusimama dede walikalishwa na mama zao huku mama zao wakilia. Watu walikwenda kazini kwa kuchuchumaa, wakaoana kwa kuchuchumaa, na kuwazika waliojisahau kwa kuwaburura, kwani jeneza halikuruhusiwa kubebwa begani.

Faraji alipandishwa cheo, akawa Katibu wa Vimo. Nishani alivalishwa akiwa amelala kifudifudi. Kazi yake ilikuwa kuamua pale penye utata, na utata ulikuwa mwingi: mtu akipiga magoti juu ya kichuguu, amesimama? Kibiongo aliyenyooka kwa kadiri anavyoweza, je? Sheria ilisema neno la Katibu wa Vimo ndilo la mwisho, na macho ya askari si ushahidi. Faraji akisema mtu amekaa, amekaa. Akisema amesimama, basi watu waondoe watoto. Kila jioni alirudi nyumbani kwa magoti yaliyochubuka. Mtukufu peke yake ndiye aliyebaki akisimama, kwa niaba ya wote.

Gerezani hakuna aliyetangaza sheria hiyo. Haikuwa na haja, vyumba vya mbuzi vilikuwa vifupi tayari.

Taratibu zilipokamilika walimfungulia Mbaruku saa nne asubuhi, wakamtupia nguo zake juu ya ukuta na kumwonyesha njia. Faraji na Sikudhani walikuwa barazani, wamechuchumaa, walipomwona akitokea kwenye kona ya mtaa. Alikuja amejikunja vilevile, mgongo haujakumbuka. Mtaa mzima ulishusha pumzi.

"Dada!" akaita.

"Kaka! Njoo hivyo hivyo! Njoo hivyo hivyo ulivyo!"

Akawatazama majirani wote wamechuchumaa milangoni, wanamtolea macho, akacheka kwa mdomo usio na meno. Alidhani wanacheza mchezo fulani wa kumpokea.

"Jamani, niacheni kwanza ninyooke," akasema. "Mgongo wangu umesahau kazi."

"Inama!" Faraji akapiga ukelele. "Shemeji, inama!"

Mbaruku aliweka mikono kiunoni, akafumba jicho lake zima, akajinyoosha polepole mpaka juu, kwa raha ambayo hakuna mtu mtaani pale aliyekuwa ameionja kwa muda mrefu. Hakumwona Koplo Mtengeti wa Vijana wa Kamba nyuma yake. Panga la kwanza lilipita magotini. La pili halikuhitaji kwenda juu. Alikufa bado anatabasamu, kichwa kimeelekea upande wa dada yake, na damu ikatiririka mtaroni kwa sababu ardhi ya Fukutoni haina nafasi ya kunywa kitu kingine.

Sikudhani akasimama.

Alisimama tu, wima, khanga imemdondoka mabegani, akaenda kwa miguu yake miwili mpaka pale alipolala kaka yake, akabaki amesimama juu yake. Hakupiga kelele. Vijana wa Kamba wakasogea, kamba ikanyooshwa mbele ya kiuno chake.

"Mama, chuchumaa," akasema Koplo Mtengeti, ambaye mwenyewe alikuwa na mgongo mbovu na mke nyumbani. "Mama, nakuomba."

"Mume wangu yupo pale," Sikudhani akasema bila kugeuka. "Muulize yeye."

Koplo akamgeukia Faraji, panga likidondosha damu. "Bosi? Nisemeje? Huyu amesimama?"

Faraji alitazama. Kweli aliyoisema mara moja tu maishani mwake ilikuwa imelala pale chini vipande vitatu. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira ya mtu aliyechuchumaa muda mrefu mno, na alipofungua mdomo sauti ilitoka ya ofisini, kavu, isiyo na shaka yoyote.

"Amekaa," akasema.

"Bosi, mimi naona…"

"Macho yako si ushahidi, Koplo. Huyu mama amekaa."

Koplo alimtazama Sikudhani kuanzia unyayo hadi kichwani, kimo chake chote. Akashusha panga. "Amekaa," akawaambia wenzake, nao wakaikubali amri, wakalegeza kamba.

Mtaa ulikuwa unasikiliza. Mzee Kombora, fundi cherehani, akainuka mlangoni kwake huku magoti yakilia. "Mimi je, Katibu?"

"Umekaa."

"Na mimi?" akauliza mke wake.

"Wote mmekaa," Faraji akasema, naye akainuka. "Hata mimi hapa nimekaa."

Koplo Mtengeti alikuwa wa mwisho. Alijinyoosha akiguna, akafuta panga kwenye suruali, akaanza kulia kama mtoto mbele ya maiti ya mtu aliyemuua. Sikudhani hakumtazama. Alimwinua kaka yake, alichoweza kukiinua, majirani wakamsaidia, na kwa mara ya kwanza tangu sheria itungwe maiti ikabebwa mabegani. Ila hawakuelekea makaburini. Walishika barabara ya Ikulu.

Njiani watu waliongezeka, kila mmoja na panga lake au mchi wake, wote wamekaa. Simu ya Faraji ililia.

"Katibu, tunaona umati barabarani," ikasema sauti ya Ikulu. "Wamesimama hao?"

"Wamekaa, mheshimiwa. Wilaya nzima imekaa."

"Safi sana. Mbona wanasogea?"

"Ni mteremko, mheshimiwa."

Darajani Luteni mmoja alipiga risasi kwanza, aulize baadaye. Mstari wa mbele ukafagiliwa wote, mzee Kombora akiwemo, na mto ukabeba waliokufa na ambao hawajafa. Luteni hakuwahi kuuliza. Askari wake, waliochoka migongo, walimkatakata palepale, wakamgeukia Faraji, wakaambiwa nao wamekaa, wakashukuru. Getini walinzi waliambiwa hivyo hivyo. Waziri wa Mabawa alizimia juu ya ngazi, na safari hii walimkanyaga hadi suti ikachafuka sana.

Mtukufu walimkuta chumba cha chakula, chenye dari ndefu ya dhahabu. Alikuwa mbele ya sahani ya mayai ya kware, ameshika moja vidoleni. Damu ya ngazini ilikuwa imeingia na viatu vyao mpaka kwenye zulia.

"Mbona mmesimama mbele yangu?" akauliza.

"Hatujasimama, Mtukufu," akasema Faraji. "Tumekaa."

Mtukufu akatazama nyuso zote zile, zilizokuwa usawa mmoja na uso wake. Koplo Mtengeti akapenya kutoka nyuma, panga mkononi, akajipanga kando ya Katibu wake kama siku zote, akasubiri neno.

"Bosi," akauliza, "na huyu?"

Faraji alimtazama Mtukufu vizuri, kuanzia viatu vyeupe hadi kofia. Hakuharakisha. Sikudhani alikuwa mlangoni, anamtazama.

"Huyu," akasema, "amesimama."